Herufi Mbili Ndani ya Injini

Mwaka 2017 mume wangu alileta mwanamume mwingine nyumbani kwetu La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, na mwanamume huyo alikuwa amekufa miaka themanini na zaidi. Jina lake Amos Tillery, Mmarekani, mtengeneza magari wa enzi zile watu walipoanza kuachana na farasi. Tangu Februari hadi Agosti nilikula naye, nilifua naye, niliamka naye, maana Ezéchiel hakuwa na habari nyingine. Tillery alifanya hivi, Tillery alikataa vile. Wanawake wenzangu kanisani walilalamika kuhusu waume zao na wasichana wa saluni. Mimi nililalamika kuhusu marehemu, na hakuna aliyenionea huruma.

Mambo yalianza Jumanne moja, gari liliposhushwa kutoka kwenye trela mbele ya nyumba tunayopanga. Lilikuwa na magurudumu ya mbao, taa za shaba, na viti vya ngozi vilivyopasuka vikitoa nywele za farasi. Mwenyewe alikuwa Bwana Lourens, mzee wa vitongoji vya matajiri vya kaskazini, mstaafu, mpole, mwenye viatu ambavyo sidhani vilikuwa vimewahi kukanyaga oili. Jirani yetu Duni, Mtanzania anayeuza viazi na vitunguu kona ya pili, alilizunguka mara mbili akatuuliza kama tumeamua kufungua makumbusho.

Bwana Lourens alikuwa amezunguka Johannesburg nzima akitafuta fundi. Injini za zamani hazina beringi za kununua dukani. Chuma laini cheupe huyeyushwa, humiminwa kikiwa moto mahali pake, kikishapoa fundi hukikwangua kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka shafti izunguke bila kelele. Wazee wawili wa Kizungu waliojua kazi hiyo walikuwa wameshakufa. Mume wangu anaijua. Alijifunzia Likasi, kwetu Kongo, kwenye karakana ya pampu za mgodi, chini ya baba yangu mzazi, Maître Lambert. Ndivyo tulivyojuana, akiwa kijana mwembamba anayekuja nyumbani kwetu kuleta vifaa na kukawia kuondoka.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Fundi akimaliza kutengeneza injini, kabla ya kuifunga, anagonga herufi zake mbili upande wa ndani, mahali ambapo hapaonekani mpaka siku mtu mwingine aifungue. Herufi hazikuwa za kujisifu, zilikuwa za kujibu. Pampu ikifa huko chini na maji yakawapandia watu, mkubwa anafungua, anasoma herufi za mwisho, na mwenye herufi anaitwa aeleze. Baba yangu alikuwa na zake katika pampu zaidi ya mia. King'ora cha mgodi kikilia alisimama mlangoni na tonge mdomoni, akisubiri kuona kama ataitwa.

Mtaani kwetu aliishi fundi mmoja ambaye pampu yake ilikufa, naye kabla mkubwa hajafika akazifuta herufi zake kwa tupa. Hakufukuzwa kazi. Lakini tangu siku ile hakuna aliyemwita tena Maître, jina la heshima la fundi, na mkewe akawa anakwenda sokoni kwa njia ya nyuma. Nilikuwa na miaka tisa, na tayari nilijua kwamba yule ni mtu wa kupitwa bila salamu. Naeleza haya mapema ili mtu asije akasema sikujua nilichokuwa nafanya.

Ezéchiel aliifungua injini mwezi wa tatu. Nilikuwa barazani kwenye cherehani yangu, nikishona magauni ya kwaya, nikamsikia akiita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Gaëlle alipozaliwa.

"Mama Gaëlle! Kuya uone!"

Nikaenda na futi ya kupimia bado shingoni. Alikuwa ameshika kifuniko cha ubavuni mwa injini, sahani ya chuma kama ukubwa wa Biblia, na amekipangusa upande wa ndani kwa mafuta ya taa. Hapo palikuwa na herufi mbili zilizogongwa kwa nyundo, moja imeinama kidogo: A.T.

"Njo yeye mwenyewe," alisema. "Haina mashini iligonga hii. Ni mukono. Angalia vile T inalala."

"Kwa hiyo na kwao walikuwa wanafanya vile?"

"Unaona sasa! Fundi ni fundi, kila pahali."

Alikaa chini sakafuni na kile kifuniko mapajani. Miaka kumi na minane katika nchi hii watu walikuwa wamemwita boi, ndugu, mgeni, wewe, na majina mengine nisiyoyaandika. Sasa Mmarekani aliyekufa alikuwa amemwita fundi. Nilifurahi kwa ajili yake, na siku ile nilipika sombe, majani ya muhogo, na samaki ingawa haikuwa Jumapili.

Bwana Lourens alipopigiwa simu alifika mbio. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Alisema inasemekana injini za kwanza mia moja Tillery aliziunga kwa mikono yake na kuzitia alama, lakini hakuna aliyewahi kuiona alama yenyewe. Kesho yake alimletea Ezéchiel nakala ya fotokopi ya kitabu chembamba, kilichoandikwa na mjukuu wa Tillery. Hapo ndipo marehemu alipohamia kwetu rasmi.

Kiingereza cha Ezéchiel ni cha kuagiza spea. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada, binti yetu Gaëlle alisoma ukurasa mmoja mmoja mezani na kuutafsiri. Gaëlle amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini akijibu huwa Kiingereza, au kile Kiswahili chake cha kukanyaga kanyaga. Alikuwa mwaka wa mwisho wa shule, na chuo kimoja kilikuwa kimeshamwambia kitamchukua kusoma ufamasia, mradi alete karatasi zinazoeleweka kabla ya Januari. Hapa ndipo palipotubana.

Karatasi zetu ni za waomba hifadhi. Tangu tufike mwaka 1999 tumekuwa tukizipeleka Pretoria kuongezewa miezi sita, halafu mingine sita, na Gaëlle yumo ndani ya faili la baba yake kama mzigo ndani ya begi. Maman Agnès, anayewasaidia watu wa kanisa letu na mambo ya vibali, alituambia kuna mlango mmoja. Ezéchiel akipata barua ya mtu mzito inayoshuhudia kwamba ana ufundi adimu ambao haupatikani hapa, anaweza kuomba kibali cha namna nyingine, na mke na mtoto wakaingia humo. Bwana Lourens alikubali kuandika barua hiyo, siku gari litakapokamilika. Kwa hiyo wakati Ezéchiel anamwona Tillery ndani ya ile injini, mimi nilikuwa naona barua.

Maisha ya Tillery yaliingia nyumbani ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa mtoto wa fundi magurudumu kule Ohio. Alianza na baiskeli. Mwaka 1899 aliunda gari la kwanza, la silinda moja, lililotembea maili mbili likaingia bwawani. Ezéchiel alicheka mpaka machozi. Mwaka 1904 wafanyabiashara watatu wa mjini walimpa jengo, wakaandika jina lake juu ya lango kwa herufi kubwa kuliko mtu. Alitengeneza magari mazuri lakini polepole. Injini isiyomridhisha aliivunja na kuianza upya, na wale watatu wakawa wanatembea na saa mkononi.

"Banamusukuma," Ezéchiel alisema. "Kazi haina mbio. Endelea, mama."

Gaëlle akaendelea. Mwaka 1911 wale watatu walimletea karatasi. Aliuza sehemu yake ya kampuni, na jina lake likauzwa humo humo. Kuanzia siku ile Amos Tillery hakuruhusiwa kuandika Tillery juu ya kitu chochote chenye injini. Alifungua kampuni nyingine yenye jina la ziwa, ikafa. Akajaribu malori, yakafa. Alipofika miaka sitini alirudi kwenye kiwanda kilichobeba jina lake, akaajiriwa kukagua boliti, nzuri huku, mbovu kule. Alifanya hivyo miaka tisa, akafa.

Ezéchiel alimtaka arudie ukurasa wa karatasi. Gaëlle akarudia.

"Juu ya nini alisaini, sababu gani?"

"Eish, Papa, hapa haisemi. Inasema tu alikuwa amechoka."

"Kuchoka ni kitu gani? Muntu anachoka, analala, anaamuka!"

Alinyanyuka akaenda karakanani na kutuacha na chai. Nilimwelewa Tillery vizuri kabisa siku ile. Ungeniuliza mimi, ningekuambia kuna uchovu ambao mtu akilala nao anaamka nao, na ukimletea karatasi atauliza tu asaini wapi. Lakini hakuna aliyeniuliza, nikaondoa vikombe.

Mwezi wa tano beringi zilikuwa tayari. Kabla ya kukifunga kile kifuniko, Ezéchiel alivaa shati safi. Alitoa kwenye sanduku vyuma vya kugongea herufi alivyopewa na baba yangu, akaniita nimshikie taa, kwa sababu karakana yetu ni banda la mabati lisilo na dirisha. Akagonga mara mbili, pembeni ya A.T., kwa heshima, bila kuigusa: E.K. Ezéchiel Kilufya. Mimi ndiye niliyeshika ile taa. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba kuna kosa. Kama angekifunga bila kugonga, ningemuuliza ameficha nini.

Gari liliwaka mwezi wa sita, asubuhi ya baridi, kwa mlio wa taratibu kama mzee anayekohoa akijua watu wanamsubiri. Duni aliacha viazi vyake akaja kupiga picha. Mimi nilikuwa nimeshona viti upya, ngozi nyekundu iliyokolea, mshono wa mkono, vidole vyangu vimevimba. Bwana Lourens alikaa, akasema ni vizuri sana, akaangalia injini. Sikuwa na kinyongo. Nilikuwa nahesabu miezi mpaka Januari.

Katikati ya Agosti alikuja na mpiga picha. Lilikuwa limekaribia onyesho kubwa la magari ya kale, na waamuzi walitaka ushahidi wa alama ya Tillery. Bwana Lourens mwenyewe alifungua boliti nne za kifuniko, kwa furaha ya mtoto, akakigeuza. Mpiga picha alishusha kamera.

"Ezekiel," Bwana Lourens alisema kwa sauti ya chini, "hii ni nini?"

"Ni miye, sir. Jina yangu."

Nilisogea karibu kwa sababu nilisikia kitu kimebadilika. Bwana Lourens hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alieleza polepole, kama daktari. Kile kifuniko kilikuwa pekee duniani. Sasa kilikuwa na maandishi ya mtu wa mwaka 2017. Kwa waamuzi ilikuwa sawa na mtu kuingia makumbusho na kuchonga jina lake juu ya kiti cha mfalme. Alisema anaelewa haikuwa kwa ubaya. Chuma ni kinene, kikikwanguliwa taratibu na kusuguliwa, herufi mpya zitatoka na za zamani zitabaki. Ezéchiel azifute mwenyewe, kwa kuwa mkono wake anauamini, na Ijumaa atapita kukichukua kifuniko.

"Barua yako iko tayari mezani kwangu," alisema alipokuwa anapanda gari. "Ijumaa nitakuja nayo." Nadhani alisema vile ili kumfariji. Hakujua amefanya nini.

Siku tatu Ezéchiel hakuingia karakanani. Alikaa barazani akiangalia barabara. Jumatano nilishindwa kuvumilia, nikasimamisha cherehani.

"Papa Gaëlle, leo ni Jumatano."

"Minajua."

"Kile kifuniko kiko vile vile."

"Kitabakia vile."

"Ni herufi mbili tu, jameni! Nani atajua?"

Alinigeukia. "Weye utajua. Weye mutoto ya Maître Lambert, unaniuliza nani atajua? Muntu anafuta herufi zake kama iko na haya na kazi yake. Miye niko na haya ya nini? Ile injini ikikufa kesho, batafungua, bataona Tillery peke yake. Batamusingizia marehemu! Na ikitembea miaka mia, haina muntu aliitengeneza."

"Barua itasema ni wewe uliyeitengeneza."

"Barua inasema, chuma inakatala. Njo ukweli gani ule?"

Nilimwambia nimechoka. Nilimwambia kwa sauti ambayo Duni aliisikia kutoka kona ya pili. Nilimwambia nimechoka na Pretoria, nimechoka kuamka na kubeba faili kama mtoto mchanga, nimechoka kumwona binti yangu akijifanya hana wasiwasi ili sisi tusiwe na wasiwasi. Kwamba mimi nimeshona viti vile na hakuna herufi yangu hata moja, na sijafa.

"Tillery naye alisaini sababu bibi yake alikuwa nachoka?" aliniuliza.

"Tillery alikuwa na nchi!" nilimjibu. "Alipoteza jina akiwa kwao. Kesho yake aliamka, akapita barabarani, na hakuna askari aliyemuuliza karatasi. Wewe unataka kujilinganisha na yule? Wewe ukikataa, anayekwenda kukagua boliti ni Gaëlle."

Gaëlle alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule, tangu lini sijui. Alisema kwa Kiingereza kwamba yeye anaweza kusubiri mwaka mmoja, si kitu. Alisema vizuri sana, kwa tabasamu. Hapo ndipo nilipoamua.

Alhamisi saa nne asubuhi, Ezéchiel akiwa amelala chumbani uso ukutani, niliingia karakanani peke yangu. Nilikibana kifuniko kwenye jiliwa. Nilivaa miwani yake, nikachukua grainda ndogo ya mkono. Nimeishi na mafundi tangu kuzaliwa, baba na mume, na kifaa hicho nimeona kikitumika maelfu ya mara, lakini sikuwahi kukishika. Niliona herufi zote nne zikinitazama, na nilimfikiria baba yangu akiwa amesimama mlangoni na tonge mdomoni. Nikawasha.

Niligusa mguu wa K. Grainda iliruka, ikachora mkwaruzo kando, na cheche zikanirukia kifuani. Nikashika tena kwa nguvu. Nilikuwa nalia, nasema wazi, nilikuwa nalia kwa hasira, na sijui hasira ilikuwa ya nani. Kelele ilijaa banda lote, kwa hiyo sikumsikia akiingia. Nilihisi tu kuna mtu nyuma yangu.

Nilidhani atanipokonya. Nilidhani hata atanipiga, ingawa hajawahi. Alisimama pale akiangalia mkono wangu na mkwaruzo niliouchora, na uso wake ulikuwa wa fundi anayeona kazi mbovu.

"Unashika mubaya," alisema. "Utakula mpaka kwa Tillery."

Nikazima. Alichukua kipande cha ngozi nyekundu kilichobaki kwenye viti, akakikata kwa mkasi wangu, akaifunika A.T. na kuibandika kwa utepe ili isiguswe na cheche. Alikikagua, akaukaza utepe. Halafu alinishika kiwiko, akakiinua.

"Laza grainda. Usisukume, iache ijitembeze. Vile. Toka kushoto."

Nikawasha tena. Hakukigusa kifaa hata mara moja. Alinielekeza tu, polepole, kwa maneno yale yale ambayo baba yangu alimwelekeza yeye, na mimi nikafuata. K ilitoka kwanza. Ilipofika zamu ya E aliniambia nipumzike, chuma kipoe, na tulisimama pale dakika kama tano bila kuangaliana. Kisha akasema, "Maliza." Nikamaliza. Alinipa karatasi ya msasa, namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaniambia nisugue kwa duara. Nilipomaliza, mahali pale palikuwa laini, na usingejua kuwa kuna mtu aliwahi kupita. Ilikuwa kazi safi. Naona aibu kusema kwamba nilijivunia kidogo.

Ijumaa Bwana Lourens alileta barua. Alikipitishia kifuniko kidole, akafunga macho, akamshika Ezéchiel bega na kumshukuru kwa ustadi wake. Ezéchiel aliangalia sakafu. Gaëlle alitusomea barua mezani. Ilikuwa na kurasa mbili, na ilisema kwamba Bwana Ezéchiel Kilufya ni fundi ambaye mfano wake haujaonekana katika jimbo hili, na kwamba kazi aliyoifanya juu ya injini ya Tillery ni ya mikono yake peke yake. Gaëlle alipofika hapo alipiga makofi. Niliangalia upande wa pili.

Gari lilishinda kwenye onyesho. Duni alituonyesha picha kwenye simu yake, Bwana Lourens ameshika kikombe. Ezéchiel aliitazama, akasema viti vimetoka vizuri. Aliendelea na kazi zake za kawaida, taksi na bakkie, yaani pikapu, za watu, na kile kitabu cha Tillery alikifunga na kamba akakirudisha. Jumapili tulikula bila mgeni. Nilikuwa nimeitamani siku hiyo tangu Februari, na ilipofika nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilifungulia redio.

Siku ya kupeleka maombi tulikwenda watatu. Maman Agnès alikuwa amepanga faili vizuri, barua juu, picha za gari chini yake. Zamu yetu ilifika mchana. Karani alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole, na tulikuwa tumeambiwa tusimchoshe kwa maelezo. Alisoma barua yote, jambo ambalo watu wengi hawafanyi. Akaangalia picha za injini. Akamtazama mume wangu kwa heshima, nakumbuka vizuri ile heshima, hatukuizoea.

"Kazi hii ni yako, baba?" aliuliza.

Ezéchiel hakujibu. Nilidhani hakuelewa Kiingereza, nikamgusa. Alikuwa ameelewa. Alikuwa anaangalia ile picha ya kifuniko, chuma kilichosafishwa, herufi mbili upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu, na midomo yake ilikuwa inatafuta neno. Yule mama aliuliza mara ya pili, akitabasamu. Watu nyuma yetu walianza kusogeza miguu. Gaëlle aliniminya mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Ni yake," nilisema. "Mimi ni shahidi."

Karani akanitazama, akamtazama yeye, akagonga muhuri. Alitupa karatasi yenye tarehe ya kurudi, akasema kila kitu kinaonekana sawa. Gaëlle alitoka mbio, simu tayari sikioni, na nilimsikia akipiga kelele ya furaha kwenye ngazi.

Ezéchiel alikusanya faili, akaliweka vizuri kwapani, akanishikia mlango nipite. Tulikuwa na miaka ishirini na mitatu ya ndoa. Nilipompita aliinamisha kichwa kidogo na kunishukuru kwa Kifaransa, kile Kifaransa cha ofisini tulichofundishwa shuleni kwa ajili ya watu tusiowajua.

"Merci, madame," alisema.